Nyumba Nyuma ya Mabega

Nyumba ya bibi yangu mzaa mama, kule milimani Bibokoboko, imo katika picha nyingi za ukutani hapa Baraka, lakini sijapata hata moja inayoionyesha. Kila mara kuna mtu amesimama mbele yake.

Enzi zetu mtu wa Baraka hakupigwa picha bila mawingu. Papa alikuwa mpiga picha. Mama ndiye aliyechora kitambaa cha amerikani kilichoning'inia nyuma ya wateja: milima ya kwao, kijito, ng'ombe wadogo kama maharagwe, na katikati nyumba aliyozaliwa. Alitumia mabaki ya rangi ya mitumbwi na bulu ya kufulia. Harufu yake ilitufuata hadi kwenye bugali na ndakala, dagaa wa ziwa letu.

Milima haikubadilika. Mawingu yalibadilika. Kabla ya kila Noeli Mama alikaa mlangoni akitazama anga la ziwa, sisi tukikoroga rangi, kisha akachora mawingu mapya juu ya yale ya zamani. Nani angekubali kuvaa nguo mpya chini ya anga la mwaka jana?

"Mama Furaha, hii wingu nyeusi ni ya nini?" bibi-arusi mmoja alilalamika. "Unataka mvua inyeshe ku ndoa yangu?"

"We cheka tu. Hii wingu hainyeshe, nimeikausha tangu jana."

Papa alichora alama ya chaki sakafuni, katikati kabisa, na kila mteja alisimama juu yake. Dada yangu Furaha aliona ubaya wake.

"Mama, batu banafunika nyumba yenu."

"Acha bafunike. Mi najua iko pale."

Tulimwomba Papa apande huko juu aipige picha nyumba yenyewe. "Filme ni ya batu," alisema. "Kilima itaenda wapi?"

Kilima hakikuenda. Watu ndio waliokimbia vita vilipofika huko, na nyumba ikachomwa. Mchwa wakala kitambaa. Mama tukamzika hapa chini, kando ya ziwa, bila kuwahi kumwuliza mlango wa nyumba yao ulitazama upande gani. Tulikikorogea kitambaa kile rangi miaka yote, na macho yetu yalikuwa kwenye mawingu.

Leo binti yangu anapiga picha mawingu ya rasi ya Ubwari kwa simu asubuhi nzima, jioni anayafuta ili apate nafasi ya mengine. Amejifunza kuchora, anataka kuichora nyumba ile, na ananiuliza: "Papa, kweli hamukupiga hata moja?"

Kwa hiyo nazunguka nyumba za watu, naomba kuona picha za zamani. Nimepata kijito, ng'ombe, na mawingu ya Noeli nyingi. Katikati ni mabega na tai za shingoni.

Halafu nikakumbuka picha zilizoharibika. Mtoto akitoroka kwenye alama kabla ya mwanga wa kamera, nyumba ilibaki wazi, na Papa aliitoa picha hiyo bure. Kuna mama mmoja huko Kazimia ambaye mwanawe alitoroka hivyo. Nilimpigia simu.

"Iko mu sanduku," alisema. "Ngoja nitafute."

Hajapiga bado.