Maziwa Yaliyofika Bila Kuchacha

Kutoka Wajir hadi Nairobi, ndege ya miraa ilichukua saa moja na nusu. Mama aliipata habari hiyo kwa habaryar, mdogo wake aliyeuza chai karibu na uwanja wa ndege, na tangu hapo ikamkaa kichwani.

Mama alipima umbali kwa maziwa. Mahali ni karibu ikiwa utakamua ngamia asubuhi na maziwa yakafika hayajachacha. Basi akaipima Nairobi. Miaka hiyo ya tisini nilikuwa huko chuoni, nikisomea ualimu. Ndege zilizoleta miraa zilirudi karibu tupu, kwa hiyo habaryar alimbembeleza rubani, akapakia kidumu cha manjano cha maziwa ya mama, kilichofukizwa moshi sawasawa. Nilikipokea uwanjani, nikaonja papo hapo. Kisha nikarekodi kaseti, maana ndizo zilizokuwa barua zetu sisi ambao mama zetu hawakusoma: "Hooyo, mama yangu, yamefika matamu kana kwamba umekamulia mlangoni kwangu."

Laiti ningesema yamechacha!

Sikujua nilikuwa najibu swali gani. Kwetu, mtoto anayekaa karibu lakini haji kumsalimu mama yake, huyo ana kinyongo. Nami ndege sikuiweza. Kuelekea kaskazini, nafasi ilikuwa ya magunia ya miraa na wenye nayo. Safari yangu ilikuwa ya basi, vumbi, na kulala Garissa kungoja msafara wa polisi kwa ajili ya majambazi wa njiani. Hayo sikuyatia kwenye kaseti, nisije nikamtia hofu bure. Vidumu vikazidi kuja, nami nikazidi kusifu, mjinga mimi.

Siku habaryar aliponitumia habari kwamba mama amezidiwa, nilipanda basi la kwanza. Garissa, utingo akatutangazia: "Leo hakuna kwenda. Bolisi hakuna, na gari iko beke yake." Nikakaa juu ya mzigo wangu. Ndege ndogo ikapita juu kuelekea kwetu. Niliichukia ndege ile, Mungu anisamehe.

Nilifika kesho yake jioni. Walikuwa wamemzika adhuhuri, na hawakuwa na kosa, maiti haingojwi.

Habaryar alinimiminia chai, lakini hakunitazama. Nikamuuliza kama mama alinitaja.

"Kila siku," alisema. "Nilitaka kukuita tangu alipoanza kuugua, akanikataza. Nimekuita kwa siri, alipokuwa hawezi tena kusema."

"Alikukataza kwa nini?"

Akaiweka birika chini.

"Alisema, 'Usimsumbue. Maziwa yangu hufika kwake bado matamu. Angenitaka, angekuwa amekuja.'"