Jina la Mandazi

Jina lenyewe sitaliandika. Si siri. Ni kwamba katika wilaya nzima ya Rusizi ninawajua watoto watano tu wanaoitwa hivyo, wote wako kilima kimoja huku Nzahaha, na nikiliandika nitakuwa nimekuonyesha milango ya nyumba zao kwa kidole. Watajiandikia wenyewe wakikua. Mimi nitaeleza tu namna lilivyofika huku, maana nililileta mimi, na nililileta kwa ujinga wangu mwenyewe.

Lilikuwa jina la baba yangu. Baba ni fundi cherehani wa Bukavu, kule Congo, na watoto wake ni sisi wasichana wanne. Maisha yake yote hakuwahi kukutana na wajina wake. Si kanisani, si sokoni, si pale mpakani ambapo afisa hutazama karatasi, kisha humtazama yeye, kisha hurudia kutazama karatasi. Tulipokuwa wadogo tulimuuliza lilitoka wapi. Akasema ni jina la zamani, akaendelea kukanyaga cherehani.

Kwetu jina la babu humwendea mjukuu, hilo halihitaji mkutano. Lakini dada zangu watatu waliolewa, wakazaa wavulana, na kila mara upande wa mume ulikuwa na babu wao wa kumtangulia baba. Mvulana wa nne alipopewa jina la watu wengine, baba alisema tukiwa mezani, "Bon. Jina yangu nitaenda nayo." Halafu akaomba chumvi. Mimi niliumia hadi chakula kikanishinda, na siku ile nikajiapiza kwamba nikizaa mvulana, baba atapata mtu wake, wapende wasipende.

Bon, nikaolewa upande huu wa Rwanda. Asubuhi naenda Kamembe kuuza vitenge, jioni pikipiki inanirudisha Nzahaha, na nyumba yetu iko chini kidogo ya nyumba ya baba mkwe. Yeye ni Mnyarwanda aliyelelewa Congo, katikati ya Washi, watu wa kwetu, akarudi akiwa mtu mzima. Mila za Rwanda anazishika kama mtu aliyezikosa muda mrefu. Kwake jina halirithiwi. Kila mtoto hupewa lake, jipya, na hupewa siku ya nane.

Siku hiyo ya nane ina utaratibu wake. Watoto wa jirani huitwa, hupewa vijiti, hujifanya wanalima uani. Mtu huwamwagia maji kidogo, ati mvua imenyesha, nao hukimbilia ndani. Hulishwa maharage na mboga kwenye ungo. Wakishiba, kila mmoja husogea kwa mama na mtoto mchanga na kutamka jina analompendekezea. Wakubwa husikiliza, hucheka, na mwisho mzee wa nyumba hutaja lake. Mara nyingine huchukua moja la watoto, kama limempendeza.

Mimi niliposikia hivyo nilisema moyoni, kumbe mlango uko wazi!

Mvulana wangu wa kwanza alipofikisha siku saba, nilimtuma wifi aninunulie unga na mafuta, tukakaanga beseni zima la mandazi. Asubuhi ya siku ya nane niliwaita watoto nyuma ya jiko, mmoja mmoja, bado nina mgongo unaouma. Nikawaambia: ukisema jina hili, mandazi mawili. Ukisema lingine, rudi kwenu. Nikawakaririsha mara tatu tatu kama mwalimu wa katekisimu, hadi wakalishika.

Walikuwa watoto kumi na mmoja. Wa kwanza akaja, akalitaja. Wa pili akalitaja. Kwa yule wa nne baba mkwe aliweka kikombe chini. Wa saba alilitaja akiwa ameshageuza shingo kuangalia jikoni. Wa mwisho, msichana wa miaka mitatu, alisahau kila kitu, akaniangalia usoni na kusema, "Mandazi." Yesu Maria! Shangazi za mume wangu walianguka juu ya mikeka kwa kicheko. Baba mkwe hakucheka. Alisema polepole, "Batoto bote baliota ndoto moja?" Kisha akataja jina lake, la Kinyarwanda, zuri tu, na shughuli ikaisha.

Nililichukia jina lile. Miezi mizima mwanangu nilimwita "Papa" na "wewe" ili nisilitamke. Baba mkwe nilimsalimu, nikampelekea chakula chake, nikageuka. Mume wangu alisema acha, mzee ni mzee. Sikuacha. Mimi nikikasirika huwa nakasirika vizuri.

Na baba yangu sikumwambia chochote kuhusu beseni la mandazi. Ningeanzia wapi?

Lakini watoto wa kilima hawakuwa wamesahau. Miezi miwili baadaye jirani wa ng'ambo ya migomba alizaa mvulana. Siku ya nane watoto walewale waliitwa, wakalima, wakanyeshewa, wakala maharage, na ulipofika wakati wa majina wote wakatoa lile lile, kwa sauti, kisha wakasimama wakisubiri. Jirani hakuelewa wanasubiri nini. Mume wake alisema linasikika vizuri, akalichukua. Baada ya hapo ikawa tabia. Mtoto wa kike akizaliwa walitafuta mengine, lakini mvulana, aka, wapi, hawakuwa na lingine. Mbuzi dume wa jirani wa juu aliitwa hivyo. Mpira wao wa majani ya migomba uliitwa hivyo. Akina baba watatu walikataa, watano wakakubali. Katekista alipoletewa wa tatu kubatizwa aliuliza huyu ni mtakatifu gani mpya, akaambiwa ni jina la huku.

Ndivyo jina la baba yangu lilivyopata watu, na hakuna hata mmoja wa damu yake. Kila jirani alipomwita mwanawe nilihisi kama ananichokoza.

Miaka minne ikapita hivyo. Mwaka huu nikazaa tena, mvulana. Baba alisema miguu inamuuma lakini atakuja, na siku ya sita alifika, na lesepase yake ya kuvukia mpaka mfukoni na kitenge cha mtoto kwenye mfuko wa plastiki. Nilikuwa nimekaa mlangoni na mtoto. Mume wangu alimletea kiti. Ndiyo kwanza anakaa, na jirani akaita kutoka ng'ambo ya migomba, kwa nguvu zote, jina zima, rudi hapa, miguu hujanawa!

Baba alisimama. "Nani ananiita?"

"Si wewe, Papa," nikasema. "Ni mutoto."

"Mutoto gani?"

Mtoto mwenyewe akatokea mbio, matope hadi magotini. Nyuma yake wa pili, nyuma yake wa tatu, wakaja kumwangalia mgeni. Baba aliwauliza, mmoja mmoja, unaitwa nani. Kila mmoja akamjibu kwa jina lake yeye. Alikaa tena, akavua kofia. Jirani alikuwa ameshafika anamfuata mwanawe, na baba akamuuliza kwa heshima, Maman, hii jina maana yake nini?

"Sijue, Mzee. Batoto benyewe ndiyo balichagua. Huku banasema ni jina ya mandazi."

Ilibidi nieleze. Nilieleza yote, beseni, jiko, watoto kumi na mmoja, huku nikiangalia chini. Baba mkwe alikuwa amekuja kumsalimu mgeni, amesimama pale na fimbo yake, anasikia kila neno. Nilipomaliza alisema, "Mimi maana yake niliijua siku ile ile." Wale wazee wawili wakaanza kuongea Kimashi, lugha ya Washi, Kimashi cha ndani ambacho mimi wa mjini nakishika nusu. Baadaye baba akanigeukia.

Akasema mama yake alizika wavulana watatu kabla yake. Wa nne alipozaliwa hakutaka kuonyesha furaha, akampa jina la kitu kinachofagiliwa nyumbani na kutupwa kando ya njia. Kifo kipite, kisione cha kuchukua. "Nilisema nitaenda nayo," baba akaniambia. "Haikuwa huzuni, mama. Nilitaka iishe na mimi."

Nilimgeukia baba mkwe. "Databukwe, kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unaniongelesha?"

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Miaka minne nimemnunia mzee wa watu kwa sababu hakutaka kumwita mjukuu wake takataka. Nilimwomba msamaha pale pale, na mtoto mikononi. Alisema, "Ile ilipita."

Wale wavulana watatu walikuwa bado wamesimama. Mmoja akamuuliza baba kama leo mandazi yapo. Baba alimwinamia. "Jina ya mandazi," akasema, na hapo kicheko kikamshika, akacheka hadi akapanguza macho kwa kitenge alichomletea mtoto. "Mama yangu angesikia hii!"

Siku ya nane nilikaanga tena, safari hii bila kumfundisha mtu. Haikusaidia kitu. Watoto wote walilitaja lile lile, wakatazama jikoni. Baba mkwe akafanya jambo ambalo halifanyiki kwao. Alimwambia baba yangu, "Taja wewe."

Niseme kweli: pamoja na yote niliyosikia, bado nililitaka.

Baba alimchukua mtoto. "Yangu imepata bantu tayari," akasema. "Batano. Banaifurahia kuliko mimi. Lakini kaka yangu mukubwa, ule wa kwanza, hana muntu."

Akataja jina. Lilikuwa jina la shukrani, la kawaida, ambalo mama yake alilitoa akiwa bado hajazika mtu. Mimi nina umri huu na nilikuwa sijalisikia hata siku moja nyumbani kwetu. Alilitaja kwa sauti ya chini, halafu akalirudia kwa nguvu kwa sababu watoto wa nyuma hawakusikia. Baba mkwe akalirudia. Watoto wakalirudia, wakaenda kula.

Jioni nilimuuliza baba, huyo kaka yake aliishi muda gani. Akasema siku kumi na mbili.

Baba alikuwa amesema kwamba kesho yake anarudi Bukavu. Hakurudi. Alisema miguu. Siku ya kumi na mbili alimpakata mtoto kutoka asubuhi hadi jua lilipozama, akanipa wakati wa kunyonyesha tu, kisha akanyoosha mikono arudishiwe. Siku ya kumi na tatu alikunywa chai, akavaa kofia, akauliza lesepase yake iko wapi.