Somo la Kuruka Kimya

Tulimsikia kabla hatujamwona. Kwanza mkebe, chaka-chaka-chaka, kutoka upande wa matangi ya maji, kisha champali zake zikiburuta mchanga, na mwisho kabisa kichwa chake kilichofungwa kitambaa cha kijani kikachomoza kwenye dirisha lisilo na kioo. Ndani ya mkebe ule wa maziwa ya unga mlikuwa na punje za mahindi makavu, na zilipolia, darasa la pili zima liliweka kalamu chini kama watu walioitwa kwenye sinia la pilau. Ilikuwa saa nne na nusu, saa ambayo jua la Mtopanga huyapiga mabati mpaka yakaanza kulalama, na harufu ya choo na ya mihogo ya kukaanga huingia darasani zikiwa zimeshikana mikono bila aibu. Mwalimu Dama alitikisa mkebe mara moja zaidi, akageuka, nasi tukamfuata uani, viatu tumeviacha mlangoni.

Alitufundisha masomo yote, lakini mimi namkumbuka kwa hilo moja, la mazoezi ya mwili. Hakuwa mwanariadha. Alikuwa mama mzito wa mwendo, ambaye vifundo vyake vya miguu vilivimba kila ilipofika Alhamisi, na aliyeajiriwa na kamati ya wazazi wala si serikali, maana yake angeweza kuondolewa kwa neno la mtu mmoja. Uchovu wake tuliujua kwa namna alivyoshika ukuta kabla ya kushuka kibarazani. Hata hivyo uani alikuwa mtu mwingine. Alichora mstari mchangani kwa kijiti, akalikunja gauni lake kidogo, akatembea juu ya mstari ule mikono ameitandaza, polepole, kisigino kikigusa vidole, nasi watoto hamsini tukashusha pumzi alipofika mwisho. Alitufundisha kudaka mpira wa matambara kwa kuukumbatia kwanza, tusiuogope. Alitufundisha kuanguka. “Kuanguka nako ni kazi,” alisema. “Ukiangukia mkono utavunjika. Jiviringe kama donge la unga wa chapati.”

Mimi nilikuwa na miaka saba na mguu wa kushoto usionitii. Tulikuwa tumehama kutoka Ukambani mwaka ule, baba amepata kibarua kiwandani Changamwe, na nilifika pwani na Kiswahili cha kuokoteza na aibu nyingi. Watoto wote waliweza kuruka kwa mguu mmoja kutoka ukuta hadi ukuta. Mimi, kwa mguu wa kulia nilikwenda. Nikibadilisha, niliruka mara mbili na kukaa chini kama gunia. Kadzo, binti aliyekaa dawati la mbele, mwenye mdomo kuliko darasa zima, alinikejeli siku ya kwanza. “Hebu mwoneni! Ewe Mwende, huo ni mguu ama ni wa meza?” Darasa likacheka. Mwalimu Dama hakumkemea. Alimwambia tu, “Kadzo, ulimi wako unaruka vizuri. Haya, leta na miguu.” Kisha akaja kusimama mbele yangu, hatua tano, na kuninyoshea vidole viwili. “Usitazame chini, mwanangu. Nitazame mimi. Mguu waijua njia.”

Uwanja wetu haukuwa uwanja. Ulikuwa ukanda wa mchanga kati ya safu mbili za madarasa, na madirisha ya darasa la nane yalifungukia hapohapo. Muhula wa pili ulipopamba moto, mwalimu mkuu alitoka siku moja na kalamu nyekundu sikioni. Hakupayuka. Alisema kwa sauti ya mtu ambaye hajalala. “Mwalimu Dama, hawa wangu wana mtihani. Nikisikia kelele tena hapa, kipindi hiki nakifanya cha hesabu. Nakuambia mbele ya watoto ili wajue.” Tulijua. Shule nyingi zilikuwa zimekwisha kukifanya cha hesabu. Kwenye ratiba kiliandikwa mazoezi, na ndani ya darasa ziliandikwa namba. Mwalimu Dama alifungua mkebe wake, akawamwagia kuku wa jirani yale mahindi, akarudi akatukalisha. “Mwataka kuruka?” Tukaitika. Akaweka kidole mdomoni. “Basi turuke bila kusikika.”

Sijui kama kuna watoto wengine duniani waliofundishwa hivyo. Kidole kimoja juu, mguu mmoja. Vidole viwili, miguu yote. Kiganja wazi, simama kama mnazi usio na upepo. Ngumi, ganda ulipo, hata kama nzi ametua puani. Tulijifunza kutua kwa ncha za vidole, magoti yamelegea, mchanga ukitoa sauti ndogo kama karatasi inayokunjwa. Aliyeanguka alijiviringa bila kusema “uwi”. Aliyetaka kucheka alicheka ndani ya kiganja chake, mabega yakitikisika, machozi yakimtoka. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi mshindo ule niliusikia kifuani mwangu asubuhi nilipovuka uwanja mzima kwa mguu wa kushoto, macho yangu kwenye vidole vya Mwalimu Dama, ukuta hadi ukuta. Hakuna aliyepiga makofi. Watoto hamsini waliinua mikono na kuitikisa hewani, kimya, na Kadzo akatikisa yake kuliko wote, ulimi umemtoka nje kwa furaha. Tangu siku ile ningelifanya lolote ili kipindi kile kisichukuliwe.

Na nililifanya. Afisa wa elimu alikuja bila kutangazwa, siku ya joto ambayo mchanga ulichoma nyayo. Nilikuwa nimetumwa na Mwalimu Dama kupeleka madaftari ofisini, nikamkuta peke yake, mtu mpole wa shati jeupe, akijipepea kwa faili; mwalimu mkuu alikuwa ametoka kumtafutia soda. Aliponiona alitabasamu. “Njoo, binti. Uko darasa gani?” Nikamwambia. Akafungua daftari ambamo walimu huandika masomo waliyofundisha kila wiki, akapitisha kidole. “Mwalimu wenu huwatoa nje mkacheza, mkaruka?” Nikaganda. Katika akili yangu ya miaka saba, mtu mgeni aulizaye habari za kuruka alikuwa amekuja kwa sababu moja tu, kelele. Niliona kalamu nyekundu, niliona namba ubaoni. “La, bwana,” nikasema. “Hatuchezi.” Akainua uso. “Hata siku moja?” “Hata siku moja. Twakaa darasani, kimya.” Aliandika. Nilirudi darasani nikitembea kwa ncha za vidole, nimejaa fahari, kwa maana niliamini nimemwokoa mwalimu wangu.

Afisa alikuwa amekuja kutafuta shule zinazoandika somo bila kulifundisha. Kwenye daftari, Mwalimu Dama alikuwa ameandika kila wiki, kwa mwandiko wake wa mviringo, kwamba tumeruka, tumedaka, tumeviringika; na mtoto wa darasa lake alikuwa amesema hata siku moja. Darasa la nane lililokuwa futi kumi kutoka kwetu halikuwa limesikia chochote tangu tulipoanza kuruka kimya. Mwalimu mkuu alijua ukweli, lakini ripoti ilitaka mtu, naye akamtoa aliye mwepesi kutolewa. Ijumaa Mwalimu Dama aliingia kuchukua chaki na mkoba wake. Alisimama mbele yetu. “Sina hasira,” alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka kuliko miguu yake. “Nataka kujua tu. Nani aliulizwa?” Watoto hamsini tulikaa kama alivyotufundisha, hata dawati halikulia. Mimi nilitazama chini. Macho yake yalipita safu kwa safu, yakafika kwa Kadzo mwenye mdomo, yakakaa. Kadzo, kwa woga, akacheka. Mwalimu Dama akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu, akaenda zake. Jumatatu kipindi kikawa cha hesabu.

Siku hizi somo hilo lina heshima. Binti yangu yuko darasa la pili, ana fulana yake ya mazoezi, mwalimu wake ana filimbi na koni za plastiki, na jioni mzazi hutumiwa ujumbe ampige video mtoto akiruka kamba aitume kwenye kundi la wazazi. Mwezi uliopita nilirudi kazini nimechoka, nikasimama kwenye varanda nikiishika simu, naye binti yangu akawa ajikwaa kwa mguu wa kushoto, mara ya tatu, mara ya nne. Nilitaka kumwambia yatosha, tutume hii. Badala yake nikajikuta nimenyosha vidole viwili mbele yake. “Nani alikufunza hivyo, mama?” akauliza. Sasa watoto wana kila kitu cha kurukia, na wakubwa tuna haraka ya kumaliza kuwatazama. Zamani tulikuwa na mchanga tu, na mtu mmoja aliyevimba miguu akitutazama mpaka tufike. Majuto ni mjukuu, husema watu, lakini mjukuu huja na kurudi kwao. Wangu alikuwa amehamia.

Jumamosi nilikwenda kwa Mwalimu Dama, palepale Mtopanga, nyumba ya vyumba viwili iliyopakwa chokaa. “Shikamoo, mwalimu.” “Marahaba. Nani wewe?” Hakunikumbuka hata nilipotaja jina, alinikumbuka nilipotaja mguu. Alinimiminia chai ya tangawizi, tukaongea habari za joto na za bei ya sukari mpaka maneno ya kujificha yakaisha. “Mwalimu, siku ile ya afisa,” nikasema, “aliyeulizwa ni mimi.”

Alikishusha kikombe. “Si Kadzo?”

“Si Kadzo. Nilidhani amekuja kwa ajili ya kelele. Nilidhani nakulinda.”

“Kadzo yuko hapo kona,” alisema, akiongea na meza. “Akaanga viazi vya karai. Kila siku, ‘Shikamoo, mwalimu.’ Kila siku mimi hutazama ng’ambo. Mamake alipofariki sikwenda hata matangani. Mtu ninayetoka naye kijiji kimoja! Nilisema naumwa.”

Nilimngojea anigombeze au anisamehe. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili. Alisimama kwa kuegemea meza, akajitupia leso mabegani, akaanza kutafuta champali kwa vidole vya miguu.

“Mwalimu, ngoja nikusindikize.”

“Kaa,” alisema, hakugeuka. “Wewe umeshasema lako. Kunywa chai.”

Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake mpaka ukafungika, na champali zake nikazisikia zikiburuta mchanga kuelekea kona.