Mkalimani Aliyebaki Chumbani

Pale Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, tulikuwa wakalimani wawili wa Kiswahili cha Kongo: mimi na jirani yangu wa kijiji cha Kashojwa humo kambini, mama mmoja kutoka Kivu Kusini. Wakimbizi walipohojiwa chumbani, sisi tulitafsiri, na sheria ya kazi ilikuwa moja. Usiseme, "huyu mama anasema walimchomea nyumba." Sema, "walinichomea nyumba." Basi kutwa nzima nilibakwa, nikazika watoto, nikakimbia msituni, kisha jioni nikaenda kwangu kusonga ugali.

Mwisho usingizi ukanikimbia. Nikamwendea mkubwa wetu, nikamwambia kichwa kimechoka. Hakuwa mtu mbaya. Alinihamishia kwenye ugawaji wa sabuni. Nilifurahi sana, wala sikuuliza mahojiano yangu atapewa nani. Nilijua. Waliosema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi walikuwa wakinisema mimi.

Miezi ikapita, tukaitwa mjini Mbarara kwenye semina ya msongo wa mawazo kazini. Mwalimu alitufundisha kuvuta pumzi polepole, akasema mkalimani lazima apumzishwe. Mkubwa wetu akanisimamisha mbele ya watu niwe mfano wa mfanyakazi anayejua kuomba msaada. Wakanipigia makofi. Mwenzangu hakuwepo: mahojiano yalikuwa mengi na hapakuwa na mtu wa kumshikia kazi. Nami nilikula kuku wa hoteli mpaka mfupa, aibu nikaishushia kwa soda.

Niliporudi Kashojwa, majirani waliniambia kwamba mwenzangu siku hizi anapiga kelele usingizini, anataja watoto ambao si wake, na watoto wake mwenyewe wanaamka wakilia. Nikaazimia kwenda kumwambia kwamba nitarudi kazini tugawane mahojiano kama zamani. Nilimkuta uani akichambua maharage. Alikuwa amekonda, mabega yamebaki mifupa. Kabla sijafungua mdomo akaniuliza:

"Dada, siku hizi unalalaka?"

"Ninalala."

"Aksanti Mungu. Afazali mumoja wetu analala."

Hakuwa akinisuta. Heri angenisuta. Alifurahi kweli, akanisogezea kigoda, akanipa sehemu ya maharage. Tukachambua pamoja, tukazungumza habari za mvua na bei ya mafuta ya kupikia. Nikaaga bila kulitaja lile neno la kurudi kazini, na usiku ule nililala vizuri.