Mpima Majina Aliyemnyima Shemeji Sifuri Moja

Saa tatu asubuhi, chumbani juu ya duka la vitambaa, Mama Mizani ana simu sikioni na macho kwenye kompyuta. Anaongea na muuza viatu aliyekua akizungumza Kiarabu.

"Kaka, ukitafuta viatu mtandaoni, ungeandika neno hili?"

"Hilo? Bila kufikiri, dada."

Kwenye kiti cha wageni, shemeji yake kinyozi, mume wa dada yake, anasugua viganja. Jina linalopimwa ni lake.

Ukimwuliza mama huyu kazi yake, anakutegea kitendawili: "Kiwanja changu hakina udongo wala mipaka, lakini kinauzwa." Ukishindwa, anadai mji, ndipo anakufungulia: ni jina la tovuti, ile anwani unayoandika kwenye simu. Yeye hukadiria majina yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, Kichina au Kihindi, mwenye jina anapotaka kuliuza tena.

"Kamusi haiendi dukani," anasema. "Namuuliza mtu anayekwenda."

Zamani alipima magunia ghalani, na jina la Mizani likamganda. Ghala lilipofungwa, akahamia huku. Mwezi mzuri hupima majina kumi, mwezi mbaya mawili, na kodi ya chumba haijui tofauti.

Leo mnunuzi anasubiri bei yake kabla ya adhuhuri. Kinyozi naye anasubiri kiti cha pili cha kunyolea.

"Wageni arobaini kwa siku, shemeji!" anajigamba. "Dola elfu tatu hazipungui."

Mama Mizani anasogeza uso kwenye skrini, penye orodha ya wanaolifungua jina. Wageni wote wanatoka mtaa mmoja. Wanaanza saa mbili asubuhi. Jumatatu hayupo hata mmoja.

"Shemeji, Jumatatu unafanya nini?"

"Napumzika. Nafunga kibanda."

Mama anaangua kicheko hadi miwani inamteleza. Kumbe kila anayekalia kiti huchukuliwa simu kwanza, lifunguliwe jina, ndipo anyolewe!

"Nilitaka uone lina watu," kinyozi anajitetea.

"Hao wamefuata wembe, baba, hawakufuata viatu. Neno ni zuri, ila halijapata mgeni wake. Mia tatu."

"Niongezee sifuri moja tu. Nani atajua?"

"Sifuri si chumvi, shemeji, kwamba nitakunyunyizia."

"Dada yako atasikia haya!"

"Asikie. Na umpe salamu zangu."

Anaandika mia tatu, anagonga muhuri, anampigia mnunuzi. Sauti inajibu papo hapo: "Kama ni Mama Mizani kasema, sibishani. Natuma."

Fedha hiyo haitoshi kununua kiti. Labda nusu yake.

Mwaka huu Mama Mizani amepania kuhamia chumba cha chini, kando ya duka, mlango utazame barabarani, wenye majina wamwone bila kupanda ngazi. "Nataka nikitaja bei, muuzaji anune, mnunuzi anune, halafu wote wawili warudi."

Kinyozi ameshanuna. Anashuka ngazi mbili, anasimama, anageuka.

"Nina jingine nyumbani, la Kichina. Nilete lini?"

"Jumatatu," anajibiwa. "Si unapumzika?"