Hata Flashi ya Mchungaji

Kila nikifuta kibodi kwa spiriti, harufu ile hunirudisha sebuleni kwetu Chapwa, hapa Tunduma. Kirusi kilikuwa kimeficha mafaili yote ya kompyuta, zikiwemo kadi za harusi ya dada. Mama akaipangusa kwa spiriti flashi iliyokuwa imechomekwa, kama anayesafisha kidonda.

“Hakifi kwa kuoshwa, mama,” dada alicheka. Akakiondoa kwa antivirusi, kadi zikaonekana, kisha akadai flashi zote zilizowahi kuchomekwa pale. “Ikibaki moja, kinarudi.”

“Hata ya mchungaji, mwanangu?”

“Hata ya mchungaji.”

Na ndiyo iliyokileta.

Sasa nimerudi na diploma, natengeneza kompyuta za watu, na Tunduma nzima hakuna anayenizidi kwa kompyuta. Mteja akinuna kwa kuwa naipima flashi yake kwanza, namshukuru dada kimoyomoyo, kisha namjibu: hata ya mchungaji napima.