Uji ulipoa tukingojana: vile birika moja lilitufundisha kazi ya wodi

Wakuu, salamu kutoka Kapsoit. Mvua inanyesha huku mpaka kuku wamekasirika.

Mimi ni kogo, yaani nyanya ya watu, na ni nasi mstaafu, muuguzi wa zamani. Naandika na kidole kimoja, kwa hivyo mkiona makosa nyamazeni tu. Haya mambo sikuambiwa na mtu, nilikuwepo.

Mjukuu wangu anasomea udaktari. Juzi amekuja na habari eti siku hizi wanafunzi wa udaktari, wa unasi na wa maabara wanawekwa darasa moja wajifunze kufanya kazi pamoja. Anasema ni kitu kipya.

Nikacheka mpaka machozi. Kipya wapi! Sisi tulifundishwa hivyo mwanzo wa miaka ya sabini, na hatukuwa hata na darasa.

Hospitali sitaitaja jina. Ilikuwa ndogo, mashamba ya chai yameizunguka pande zote. Wanafunzi tulikuwa aina tatu: sisi manasi, watu wa maabara, na medical assistant, ambao leo mnawaita clinical officer, yaani matabibu.

Saa nne kila kundi lilikunywa chai kivyake. Medical assistant walikuwa na vikombe vya maua. Sisi tulikuwa na vya bati. Wa maabara walichemsha yao huko huko kwa machupa yao, hata sijui walikuwa wanakunywa nini.

Kumwendea mwenzako wa kundi lingine umuulize jambo? Wee! Afadhali ungoje.

Na kungoja ndiko kulitaka kutuua mtu.

Aliletwa mtoto, Nyaboke, wa miaka miwili hivi. Mama yake Mkisii, mchuma chai. Miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu, hacheki, hata kulia hawezi vizuri. Utapiamlo. Mtoto kama huyo analishwa kidogo kidogo tangu alfajiri, asikae na njaa. Hiyo tulijua sote, hata ungetuamsha usingizini.

Sasa sikieni.

Onyancha wa maabara alitaka damu kabla mtoto hajala. Kimani, medical assistant, kijana wa wenye maduka kule Litein, alitaka kumpa dawa ya minyoo, na ya siku hizo ilimezwa tumbo likiwa tupu. Lakini Kimani akangoja damu itolewe kwanza. Onyancha akangoja aitwe na nasi. Na nasi wa kitanda hicho, ambaye ni mimi, nikangoja Kimani aseme.

Uji ukapoa. Mtoto alionja kitu saa sita.

Kesho yake, hivyo hivyo. Kesho kutwa, hivyo hivyo. Na kila mtu alikuwa anafuata kazi yake vile alifundishwa! Mpaka leo hiyo inaniuma.

Asubuhi iliyofuata mwalimu wetu, mama mmoja mfupi wa sauti ya chini, tulimwita Sister, alimkuta mama Nyaboke kwa geti. Mtoto mgongoni, mzigo kichwani.

"Naenda nyumbani," mama akasema. "Kama ni kufa, afie kwangu akiwa ameshiba."

Sister hakubishana naye. Aligusa mkono wa mtoto, ulikuwa baridi. Akaitisha uji wa maziwa na sukari, akamlisha yeye mwenyewe kwa kijiko, pale pale kwa benchi.

Ndipo akatuita sisi watatu. Saa ya chai ilikuwa imefika. Akaenda akakusanya mabirika yote, akarudi na moja tu. Akamkalisha mama katikati yetu, akammiminia wa kwanza.

"Hapa hakuna atakayekunywa mpaka huyu mama aseme," akatuambia.

Mama alishika kikombe kwa mikono miwili. Akatuangalia mmoja mmoja.

"Huyu aliniambia mtoto asikule. Huyu pia. Na huyu pia. Mimi nikajua nyinyi mmeongea."

Wakuu, nilitamani ardhi inimeze. Kimani aliangalia viatu. Onyancha, Mkisii mwenzake kabisa, alilia waziwazi.

Sister hakupaza sauti. "Haya. Ongeeni sasa, yeye akisikia."

Tukaongea. Damu itolewe alfajiri, na kijiko cha uji kifuate hapo hapo. Dawa ya minyoo ingoje mtoto apate nguvu. Chai haikuwa hata imepoa tukamaliza. Jambo dogo hivyo!

Lakini tulikuwa tumechelewa, na tulijua. Siku kadhaa mikono ya Nyaboke ilikataa kupata joto. Tulikaa naye kwa zamu. Kimani na maringo yake alijifunza kulisha kwa kijiko, mimi nikajifunza kumwita Onyancha kwa dirisha bila kuona haya. Niliomba Mungu kwa Kipsigis na kwa Kiswahili.

Halafu asubuhi moja nikachelewesha uji kidogo. Nyaboke akapiga kelele! Kilio cha hasira, cha mtoto anayedai haki yake. Wodi nzima tulipiga makofi.

Tangu hapo birika likawa moja, meza moja, na mgonjwa anaongelewa kabla ya mtu kumimina. Usidhani tulipendana. Tulibishana sana kwa ile meza, lakini tulibishana hapo, si juu ya kichwa cha mgonjwa.

Siku ya kuruhusiwa tulisimama watatu tumpe mama maagizo ya nyumbani. Akainua mkono, Nyaboke akiwa kiunoni anatafuna ndizi.

"Kwanza. Mmeongea?"

"Tumeongea, mama."

"Haya, semeni."

Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na mimi naongeza, hata kuandika kinachelewa. Lakini funzo langu ni hili: mgonjwa akituona na makoti meupe anaamini tumeshaongea. Anaweka mtoto wake juu ya hiyo imani.

Nyinyi mnaofanya kazi hospitalini, ama mliowahi kulazwa, leteni yenu hapa chini. Mjukuu wangu naye amerudi shuleni leo. Sikumpa ushauri mrefu. Nimemwambia akifika kwa kitanda cha mtu na wenzake, kabla hajafungua mdomo, awaangalie awaulize: mmeongea?